S7-1200 kwenye kiwanda cha korosho Mtwara: nafasi 68 zisikudanganye

CPU ninayoizungumzia, yaani kompyuta ndogo ya kuendesha mitambo (PLC), ni Siemens S7-1200, 1214C, yenye programu ya ndani toleo la 4.2. Hapa Mtwara inaendesha boila, mapipa ya kupikia korosho kwa mvuke na oveni za kukaushia. Kwa kazi hiyo sina neno: ina njia 14 za kupokea ishara, 10 za kutoa amri na mbili za kupokea vipimo vya analogi, na joto la huku inalihimili mradi kabati limefungwa sawasawa na chujio la feni linapigwa upepo kila wiki. Vumbi la maganda laini ya korosho huziba chujio upesi kuliko unavyodhani. Kinachowakwamisha wengi ni mawasiliano, na mara nyingi CPU hulaumiwa bure.

Maelezo yake yanasema ina nafasi 68 za miunganisho. Ukisoma hapo ukaishia hapo, umeumia, kwa sababu nafasi hizo zimegawanywa kwa aina na aina moja haiazimi kwa nyingine. Nne ni za kompyuta ya fundi, 12 za skrini, nane za mawasiliano ya S7 (PUT/GET, lugha ya Siemens yenyewe), nane za mawasiliano huria ambako Modbus TCP, lugha ya vifaa vya kampuni mbalimbali kupitia Ethernet, ndiko inakoingia, na 30 za kivinjari. Zinabaki sita tu zisizo na mwenyewe. Ni basi ambalo karibu nusu ya siti zimewekewa abiria ambao pengine hawasafiri kabisa.

Skrini nazo hazilingani. Basic Panel inachukua nafasi moja, Comfort Panel mbili, na kompyuta yenye WinCC Runtime Professional (programu ya kuonyesha mitambo) tatu. Comfort mbili, Basic moja na kompyuta moja ya ofisini jumla ni nane kati ya 12, hapo hakuna tatizo.

Shida iko kwenye Modbus TCP. Chukua mita tisa za umeme, inveta nne za kuendesha mota na kipimo kimoja cha mizani: kila kimoja kikiunganishwa peke yake, hizo ni 14. Nane zinajaza fungu lake, sita zinamaliza zile za ziada. Kifaa cha 15 hakiingii, na bloku ya mawasiliano kwenye programu ya CPU inarudisha msimbo wa kosa 16#80C3, maana yake nafasi zimekwisha. Usumbufu mkubwa ni kwamba anayekosa hubadilika. CPU ikiwaka upya, waliowahi ndio wanaopata. Leo mita ya boila inakosekana, kesho inveta ya feni ya oveni. Fundi atabadilisha kebo, atabadilisha swichi, hata mita yenyewe atang'oa, na vyote vilikuwa vizima. Kabla ya kushika bisibisi, fungua TIA Portal (programu ya Siemens ya kuipangia CPU kazi), ingia kwenye sifa za CPU, sehemu ya Connection resources, ukiwa umeunganishwa nayo. Jedwali litakuonyesha fungu lipi limejaa.

Dawa niliyoiona inafaa zaidi ni kuziondoa mita kwenye Ethernet. Mita nyingi za umeme zina RS485, njia ya waya inayobeba Modbus bila Ethernet. Zipange zote tisa kwenye waya mmoja uliosokotwa, zipitie kifaa kimoja baada ya kingine bila matawi, ipe kila moja anwani yake, na weka kipingamizi cha ohm 120 kwenye ncha mbili tu. Kisha peleka waya kwenye getiwei moja ya Modbus, kifaa kinachounganisha RS485 na Ethernet, CPU ikitumia muunganisho mmoja na kuzitofautisha mita kwa namba ya kifaa. Zile 14 zinashuka hadi sita. Ukiweka kadi ya CB 1241, yenye RS485, usoni mwa CPU, mita hazitumii nafasi ya TCP hata moja.

Usiponunua kitu, unaweza kuzungusha: MB_CLIENT moja (bloku inayouliza vifaa kwa Modbus TCP) ifungue muunganisho wa mita ya kwanza, isome, ifunge kwa DISCONNECT, iende ya pili. Kila hatua isubiri ishara ya DONE (imekamilika) au ERROR (kosa) kabla ya kubadilisha anwani, la sivyo unapata makosa yasiyoeleweka. Kwa mita zinazosomwa kila dakika inatosha. Inveta usizungushe hivyo, kufungua na kufunga kunakula muda. Na kwa kifaa kimoja usiweke MB_CLIENT tatu zenye DB (bloku za data) tatu; tumia DB ile ile na ID ya muunganisho ile ile, na soma rejista (namba zilizohifadhiwa kwenye kifaa) kwa mkupuo, hadi 125 kwa ombi moja.

Kuna mtego mwingine. Programu za kukusanya takwimu zinazotumia Snap7 (maktaba ya bure ya kuzungumza na CPU za Siemens) hujitambulisha kama kompyuta ya fundi zisipoambiwa vinginevyo. Zinakalia zile nafasi nne, halafu kompyuta yako ya TIA Portal inakataliwa. Kwenye programu hiyo badilisha aina ya muunganisho iwe 3 (S7 Basic) kabla ya kuunganisha, kisha kwenye TIA Portal ruhusu PUT/GET kwenye ulinzi wa CPU, na zima uboreshaji (Optimized block access) kwenye DB inayosomwa.

Umeme ukikatika getiwei ikazima huku CPU ikiwa kwenye UPS, muunganisho wa zamani unabaki umekalia nafasi hadi CPU igundue upande wa pili haupo. Muda wa keepalive, yaani wa kuhakikisha upande wa pili bado upo, uliowekwa na Siemens ni sekunde 30. Getiwei ikiwaka haraka na fungu likiwa limejaa, itakataliwa kwanza, kwa hiyo programu ijaribu tena baada ya dakika, isikate tamaa kwa jaribio moja. Au iweke getiwei kwenye UPS hiyo hiyo, inakula umeme kidogo sana.

Kwa kiwanda cha ukubwa huu naipendekeza. Ukihitaji zaidi ya vifaa 14 vya TCP visivyounganishika kwa RS485, usiongeze 1200 ya pili. Nunua 1511-1 PN, CPU ya familia kubwa zaidi ya S7-1500: inabeba miunganisho 64 kwenye kiolesura chake, na 10 tu ndizo zilizotengwa kwa aina maalumu.