Vipindi vitano vya PM+ hapa Eastlands, Nairobi, nawapa nyota nne kati ya tano

Nimekaa na hii kitu miezi kadhaa nikijiuliza niandike ama ninyamaze, lakini juzi jirani ameniuliza wale watu walikusaidia kweli ama ni maneno tu, nikaona wacha niandike mara moja na wengine wasome.

Huduma inaitwa PM+ (Problem Management Plus), ni mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kusaidia mtu aliyelemewa na msongo wa mawazo, vipindi vitano, kila wiki kimoja, saa moja na nusu hivi. Anayekuhudumia si daktari, ni mtu wa mtaani aliyefunzwa. Mi nilipata mama mmoja CHP, yaani mhamasishaji wa afya ya jamii, hawa tunaowaona wakizunguka na mkoba wa kupima presha. Ni bure.

Kwanza mjue nilifika pale vipi. Mi ni fundi wa nguo, nashona yunifomu. Kuanzia mwezi wa saba mwaka jana mwili ulikataa kabisa. Naamka saa kumi na moja, namsikia mama chapati akiwasha jiko, nasikia makanga wakiita abiria, na siwezi kutoa mguu kwa blanketi mpaka saa nne saa tano. Vitambaa vya wateja vimejaa mfuko hadi vinamwagika, simu nimezima ndio wasinipate, sufuria za juzi ziko tu hapo. Mamangu akipiga kutoka nyumbani ananiambia jikaze mwanangu, omba, na mi nimeomba na nimejikaza mpaka nguvu ya kujikaza ikaisha. Kuna kliniki nilienda kabla ya hapo, nikakaa foleni tangu asubuhi, nikaonwa dakika tano nikaambiwa nipunguze mawazo. Nilirudi nikalala siku mbili.

Kwa PM+ kipindi cha kwanza ni maswali mengi, na mojawapo liliulizwa wazi wazi bila kuzungushwa, kama nimewahi kufikiria kujitoa uhai. Nilinyamaza kidogo maana wengi wetu tulikua tukijua ukisema hivo ni polisi, ile kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu iliyofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, ambayo Mahakama Kuu ilikuja kuiangusha Januari 2025. Yule mama akangoja tu. Akanieleza anauliza kwa sababu mtu akiwa na mpango wa kujidhuru hivi vipindi havimtoshi, anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Hapo ndio nilianza kumwamini.

Halafu akanifunza kupumua na tumbo, hesabu tatu ukivuta, tatu ukitoa. Ilinisaidia usingizi lakini kitandani bado sikutoka. Kipindi cha pili ni kupanga shida zako, gani inaweza kutatuliwa, gani haiwezi, gani haina uzito. Rent nilikuwa nimeiweka kwa zile haziwezi, akanihamishia, tukapanga nitamwambia nini keateka wa nyumba kabla ya tarehe tano.

Kipindi cha tatu ndio nilichokuja kutafuta bila kujua. Alinionyesha mchoro wa duara: moyo ukishuka unaacha kufanya vitu, ukiacha unajiona bure, ukijiona bure moyo unashuka zaidi na unazidi kuacha. Akaniambia, "Dadangu, wewe unangoja hamu ije ndio ushone, na hamu nayo inangoja ushone ndio ije." Mi nikamwambia sawa nitaanza kesho nimalize zile sweta zote, akakataa! Akasema hapana, hiyo ni kubwa, chagua kitu kidogo mpaka uone haya kukisema. Tukaandika: Jumanne, baada ya chai, toa kitambaa juu ya cherehani uitie mafuta. Basi. Usishone.

Jumanne nilitia mafuta, ikachukua kama dakika saba, nikarudi kulala, na sikuhisi chochote kizuri, nataka mjue hivo mtu asije akadhani ni miujiza. Alhamisi ilikuwa kujaza bobini. Jumamosi kukunja pindo la sketi moja, na hapo nikajikuta nimefanya sketi tatu, sikuwa nimepanga, mkono ulikuwa tu unaenda. Nililia pale pale kwa cherehani. Hamu haikuwa imerudi yote, lakini ilikuwa imeonekana.

Kipindi cha nne ni watu wa kukushika mkono, nikampigia dadangu mdogo tukakubaliana anipigie kila asubuhi saa moja aniulize tu, umekunywa chai? Cha tano ni kukumbuka yote, ata unaulizwa rafiki yako akiwa hivi ungemwambia afanye nini.

Baadaye nilisoma kwamba hii kitu ilijaribiwa hapa hapa Nairobi kwa wanawake 421, wengi wamepitia dhuluma, matokeo yakachapishwa 2017 na yalionyesha waliopata vipindi msongo wao ulipungua kuliko wale waliopata huduma ya kawaida. Sikushangaa. Hakuna mtu aliniambia niende jim ama nisafiri nipumzike, mifano yote ilikuwa ya kuteka maji, jiko, kwenda sokoni asubuhi.

Nyota moja nimeiondoa kwa hizi sababu. Hiyo ya kuanza kidogo kidogo inakuja wiki ya tatu, na mtu amelala kitandani wiki tatu ni mbali sana, mi nilikaribia kuacha baada ya ya pili. Wangeileta mapema ata kidogo tu. Pia tulikuwa tunakutana kwa chumba cha ukuta wa mabati, watu wanapita nje, nikawa naongea kwa kunong'ona, na huyu mama ananijua mtaani, ametunza siri zangu lakini si kila mtu atakubali kufunguka kwa jirani. Na baada ya kipindi cha tano hakuna aliyepiga kuuliza uko aje.

Dawa hawapeani. Mwenzangu tuliyekuwa tunapishana mlangoni hali yake ilikuwa nzito zaidi, alitumwa hospitali akaanzishwa vidonge, akaambiwa wazi vinaweza kuchukua wiki kadhaa kabla ahisi tofauti, na vipindi akaendelea navyo.

Mkitaka, ulizeni CHP wenu ama kituo cha afya kilicho karibu kama wana mtu amefunzwa PM+, si kila mahali wako. Na kama usiku umekuwa mrefu na huwezi kungoja, Msalaba Mwekundu wana 1199, kupiga ni bure. Kipindi cha kwanza nenda na mtu akusindikize, mi kaka yangu alinitoa nyumbani na kandambili zake, akaningoja nje mpaka nikamaliza.