Programu yako ya kompyuta ya elimu ya anga uichapishe wapi? Uliza kwanza msimbo (maandishi ya programu) utahifadhiwa na nani

Malalamiko ya wasomaji wa Lubumbashi ni yaleyale: makala imetoka, kiungo cha msimbo kimekufa. Tunachagua jarida kwa jina na bei, hatuulizi nani atalitunza toleo lilelile la msimbo lililotoa michoro ya makala. GitHub, tovuti tunakoandikia na kushirikiana msimbo, si ghala. Mwenye ukurasa anaweza kuufuta kesho.

Namba moja ni Journal of Open Source Software, na sifichi kwamba nalipenda. Lilianza 2016, halimtozi mwandishi wala msomaji. Wahakiki wanasakinisha programu na kuijaribu, wakiandika hadharani humo humo GitHub. Mazungumzo hayo ni maandishi matupu, hata bando dogo la Goma linatosha. Makala ni fupi, faili mbili tu: paper.md ya maandishi na paper.bib ya marejeo; leseni iwe huria, maelekezo na majaribio yawepo. Matokeo mapya ya utafiti hayapokelewi.

Mwishoni mhariri anadai toleo lenye namba na DOI, yaani kitambulisho cha kudumu cha mtandaoni, na wengi wanakwama hapo. Washa kwanza Zenodo, ghala la bure la kutunza kazi za utafiti, kwenye hazina yako ya GitHub, halafu ndipo utoe toleo. Ukitangulia kutoa, Zenodo hailichukui; itabidi utoe jingine. Utapewa DOI mbili, ya toleo hilo na ya matoleo yote. Kwenye makala ya matokeo, utakayoichapisha kwingine, taja DOI ya toleo, maana ile nyingine itampeleka msomaji kwenye msimbo mpya usiotoa michoro yako. Kichwa na majina ya waandishi kule Zenodo yalingane na ya makala.

La pili ni Astronomy and Computing la Elsevier, lililoanza 2013, zuri kwa mbinu zinazohitaji maelezo marefu. Makala ikikubaliwa chagua njia ya usajili, ambapo wanaolipa ni wasomaji, nawe hulipi. Ukichagua ufikiaji huria, ankara inakuja. Nakala yako iweke arXiv, tovuti ya makala za bure, wenzako wa Bukavu wasome.

La tatu ni RASTI (RAS Techniques and Instruments) la Royal Astronomical Society, chama cha wanaanga cha Uingereza. Lina ada, ila msamaha hutazama nchi ya mwandishi wa mawasiliano, yule anayeandikiana na jarida. Inauma sana: kazi imefanywa Kongo, anayeandikwa pale ni mwenzetu wa Ulaya, na msamaha umepotea. Lipangeni hilo kabla ya kutuma.

Astrophysics Source Code Library ni bure na ADS, hifadhidata ya makala za elimu ya anga, inaisoma, lakini ni orodha ya misimbo, si jarida.

Na hizo barua za "tuma dola, tunachapisha kwa siku tatu", zinazowavizia wanafunzi wanaotafuta diploma! Tafuta jina la jarida kwenye ADS. Kama halimo, usitume hata faranga.