TVS HLX 125 mjini Lubumbashi: tathmini ya mtu anayetoka bila kupanga

Hapa Lubumbashi, pikipiki ya TVS HLX 125 inajulikana zaidi kama chombo cha kazi cha mamanseba, yaani waendesha pikipiki za abiria, na ndiyo maana niliponunua yangu jirani mmoja aliniuliza nitakuwa nikisubiri abiria kwenye njia panda gani. Sikuinunua kwa ajili ya abiria. Niliitaka ili jioni nikijisikia kutoka, nitoke, na kwa kipimo hicho ndicho ninachoipima baada ya misimu miwili ya mvua.

Injini yake ni ya silinda moja, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 124.5, na hupozwa kwa hewa tu. Hilo lina maana kubwa kwangu, kwa sababu hamu ya kutoka hupotea upesi chombo kikihitaji matayarisho. Asubuhi za Juni na Julai, baridi inaposhika mji wetu ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, yangu hupigwa kiki mara mbili au tatu, kisha naiacha ingurume kidogo mpaka mlio wake, ambao huanza kwa kukatikakatika, ukae sawa. Miezi mingine kiki moja hutosha.

Jumamosi moja ya Oktoba nilitumwa mkate. Duka liko karibu sana na kwetu, lakini maua ya mijakaranda yalikuwa yameifunika lami kwa zambarau, nami nikalipita duka nikashika barabara ya Kipushi. Nilikwenda kilomita arobaini kwa saa, mwendo ambao bado unakuruhusu kunusa majani yaliyochomwa na kuwasalimu wanaume wanaosukuma baiskeli zilizosheheni magunia ya makaa. Niliposimama kunywa munkoyo, kinywaji cha mahindi, mama aliyekuwa akiuza aliniuliza, “Tata, unaenda Kipushi?” Nikamwambia nimetumwa mkate tu. Alicheka, akaniongezea kikombe, na nilirudi nyumbani giza likiingia, nikiwa na furaha ambayo safari ndefu zilizopangwa hazijawahi kunipa.

Urahisi wa matengenezo nao ni sababu kubwa ya kuipendekeza. Siku moja, upande wa Ruashi, ilinizimikia kwa sababu ya petroli chafu niliyonunua kwenye chupa kando ya barabara. Kijana wa gereji ya chini ya mwembe alifungua buji, yaani plagi, akaisugua kwa msasa, akaikausha kwa shati lake, na hatukumaliza hata robo saa. “Yaya,” aliniambia, kama mtu anavyomwita kaka yake, “weka buji ya akiba chini ya kiti.” Nimeiweka.

Injini ya ukubwa huu ina mipaka yake. Watu wawili wenye mizigo wataielemea mlimani, na anayekusudia kwenda Likasi mara kwa mara, takriban kilomita 120, ni afadhali atafute yenye nguvu zaidi. Mvua ikinyesha, udongo mwekundu wa vichochoro vya Katuba huteleza sana, kwa hiyo badilisha tairi kabla kashata zake hazijaisha, na uvae kofia ngumu hata kama unakwenda dukani tu, kwani hujui utaishia wapi. Yangu huiegesha uani ikiwa imeelekea langoni.