Klachi mbili zimeungua, nikahamia puli na mkanda: uzoefu wangu

Gokati yangu, yaani kigari kidogo cha wazi, nimeiunda mwenyewe. Ina viti viwili, injini ya nguvu farasi 6.5 na tairi za nyuma za inchi 16, na kazi yake kubwa ni kwenye nyasi, si kwenye lami. Mwanzoni niliifunga klachi ya kawaida, ile ambayo shuu zake (vipande vya kusugua) hutanuka injini ikizunguka kwa kasi na kuishika dramu, kikombe cha chuma kinachozizunguka. Ya kwanza iliungua wiki ya tatu, dramu ikageuka buluu na harufu ikaganda kwenye nguo. Nikamlaani muuzaji, nikanunua nyingine ya bei zaidi. Hiyo haikumaliza hata siku kumi.

Shemeji yangu alikuja akahesabu meno ya sproketi, yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni, akacheka. "Shemeji, hizo klachi unazionea bure. Piga hesabu kwanza."

Nikapiga. Mbele meno 12, nyuma 60, yaani injini izunguke mara 5 ndipo ekseli, ule mhimili wa magurudumu ya nyuma, izunguke mara 1. Klachi za aina hii huanza kushika kwenye mizunguko kama 2,000 kwa dakika. Gawanya kwa 5, ekseli inapata 400. Mzingo wa tairi ya inchi 16 ni karibu mita 1.28, kwa hiyo ni mita 510 hivi kwa dakika, sawa na kilomita 30 kwa saa. Gokati isipofika mwendo huo, shuu na dramu haziendi pamoja, zinasuguana tu. Na sisi, watu wawili tukipanda kilima cha nyasi, nusu ya mwendo huo ilikuwa ndoto. Klachi ilikuwa inasagwa kuanzia chini hadi juu ya kilima.

Ningeweza kuweka meno 10 mbele na 72 nyuma, lakini hesabu bado inatoa kilomita 21 kwa saa, na sproketi kubwa hivyo ingebakisha kama sentimita 5 tu kutoka ardhini. Ingekuwa inafyeka nyasi.

Ndipo nikanunua seti hii: puli ndogo inayokaa kwenye shafti ya injini, puli kubwa kwenye shafti ya kati, mkanda katikati, vyote juu ya bamba moja la chuma. Puli zinajifunga na kujifungua zenyewe, hivyo uwiano unaanza kwenye takriban 2.7 kwa 1 na kushuka hadi karibu 0.9 kwa 1 mwendo ukipanda. Shafti ya kati ina sproketi ya meno 10, na nyuma nimebaki na 60 zangu. Wakati wa kuondoka napata 16.2 kwa 1, kwa hiyo mizunguko ile ile 2,000 inalingana na mwendo wa chini kidogo ya kilomita 10 kwa saa. Hapo mkanda umeshashika na mateso yamekwisha. Kwa juu ni 5.4 kwa 1, na kwenye mizunguko 3,600, ambapo gavana (kidhibiti cha kasi ya injini) inakata, nafika kama kilomita 51. Siku ya kwanza ilipopanda kile kilima bila kulia, nilishuka nikaipiga busu. Sioni haya kusema.

Sasa lawama. Karatasi ya maelekezo ni picha moja nyeusi isiyosomeka. Mkanda wenyewe hauna pande zinazofanana: upande mmoja umenyooka, mwingine una mshazari, na ule ulionyooka ndio unaotazama injini. Mimi niliuvalisha kinyume. Ulipiga kelele kama paka aliyebanwa mlangoni na kumwaga unga mweusi wa mpira kila mahali. Kosa la pili ni langu pia, ingawa wangeweza kuonya: puli zinakuja zimepakwa mafuta ya kuzuia kutu, na usipoyafuta hadi chuma kikauke kabisa, mkanda utateleza na utadhani umeuziwa kitu kibovu. Bolti za bamba zililegea siku hiyo hiyo. Nikazitoa, nikapaka nyuzi zake gundi ya kuzuia bolti kulegea, hazijasogea tena. Kava ya plastiki inatetemeka, nimeizoea.

Lililonisumbua zaidi ni cheni kuruka. Nilidhani imelegea, nikaikaza, ikazidi. Kumbe seti ilikuwa imesogeza mstari wa cheni. Niliweka rula ndefu iliyonyooka kwenye uso wa sproketi ya nyuma, nikakuta ya mbele imepishana nayo kwa milimita 4. Nikasogeza sproketi ya mbele, ikatulia siku mbili, ikaruka tena. Safari hii ekseli yenyewe ilikuwa inacheza kushoto na kulia, kwa sababu skrubu za kola ya beringi, ile pete inayoibana kwenye ekseli, zilikuwa zimelegea. Nilipoibana ekseli na kuacha cheni icheze kama milimita 12 katikati, tatizo likaisha. Pima huo mchezo huku ukizungusha gurudumu taratibu. Yangu ilikuwa legevu upande mmoja na kamba ya gitaa upande wa pili, maana sproketi haikukaa sawa kwenye kitovu chake.

Na kama gokati yako inatambaa yenyewe ukiwa hujakanyaga mafuta, usiiguse puli. Punguza silensa ya injini, yaani kasi inayozunguka nayo bila kukanyagwa mafuta. Yangu ilikuwa juu, mkanda ukawa unasuguliwa hata tukiwa tumesimama tunapiga soga.

Bei yake ilikuwa karibu mara tatu ya klachi moja, na klachi nilikuwa nimeshaunguza mbili. Kwa gokati nyepesi ya mtu mmoja kwenye lami nisingeinunua. Hapo klachi na meno sahihi yanatosha kabisa. Kwa nyasi, kilima na abiria, naipa nyota nne, na ya tano imebaki kwenye ile karatasi ya maelekezo. Mkanda wa akiba niliununua siku moja na seti. Miezi minane sasa, bado uko ndani ya nailoni yake.