TAHADHARI: Wanaouza "kayaki kwenye maziwa ya Pwani" (Watamu, Mida na kwingineko)

Wadau, kuna watu wanauza mtandaoni safari za kayaki ambazo hazipo. Tangazo lao limepambwa vizuri: siku kadhaa za kupiga kafi na marafiki "kwenye maziwa ya Pwani", bei kuanzia shilingi 7,500 kwa mtu, kuchukuliwa stesheni ya SGR Miritini, malazi, chakula, kayaki na mwongozaji. Sitaandika jina la ukurasa kwa sababu limeshabadilishwa, na nikilitaja mtalishika hilo jina mkaacha mbinu zao. Mbinu ni zilezile, na ndizo ninazotaka mzijue.

Rafiki zangu wa Nairobi walishatuma dipoziti kabla mimi sijaiona ratiba. Waliponirushia, niliisoma mara moja tu nikampigia simu aliyekusanya pesa. Ratiba ilisema tutaingia majini Mida saa nne asubuhi. Kesho yake saa nne asubuhi. Keshokutwa, saa nne asubuhi. Na siku ya kwanza yenyewe iliangukia mwezi mpevu.

Kwa mtu wa Pwani hapo hakuna haja ya kusoma zaidi, lakini kwa walioko bara wacha nieleze, maana huu ndio ufunguo wa jambo zima. Mida si ziwa. Ni mkono wa bahari unaoingia bara nyuma ya Watamu, wenye mikoko, na kina chake ni kifupi. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa za kujaa husogea mbele kwa karibu dakika 50. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ya juu na chini ikikaribia mita 4 hapa kwetu. Na bamvua la pwani yetu lina mazoea yake. Maji hujaa alasiri, kwenye saa kumi hivi, na asubuhi kati ya saa nne na saa sita huwa yamekwenda zake. Kwa hiyo saa nne asubuhi ya bamvua pale Mida unakuta tope, mizizi ya mikoko na kaa.

Mtu anayefanya kazi hii kweli hawezi kukupangia saa ileile kila siku. Kalenda yake ni jedwali la maji. Akikwambia Ijumaa mnatoka saa nane, basi Jumamosi itakuwa karibu saa tisa, na atakueleza sababu hata kama hukumuuliza. Muuzaji huyu tulipompigia na kumuuliza maji yanajaa saa ngapi siku hiyo, alijibu, "Usijali boss, maji yapo muda wote."

Ratiba ilikuwa na vituko vingine. Siku ya mwisho ilikuwa "kayaki Ziwa Kenyatta pamoja na viboko, nusu saa kutoka Watamu." Ziwa Kenyatta liko Mpeketoni, kaunti ya Lamu. Kutoka Watamu unapita Malindi, unapita Garsen, unapita Witu, safari ya zaidi ya kilomita 150. Kuhusu viboko, hilo ni kweli, wapo, na ndiyo sababu hakuna mwenye akili timamu atakayekuweka kwenye chombo cha plastiki katikati yao. Ziwa Jilore pia lilitajwa, lile lililo bara ya Malindi ambalo maji yake hutegemea mafuriko ya mto Sabaki na ambalo kiangazi hupungua sana. Kwenye tangazo lao Jilore ni samawati kama bwawa la hoteli.

Picha nazo. Ile kubwa ya juu kabisa inaonyesha vijana wanne kwenye kayaki nyekundu, ziwa limetulia, nyuma yake miti mirefu imejipanga. Wenzangu walidhani ni mivinje. Ukiivuta picha karibu unaona ni misonobari, na mmoja wa wale vijana amevaa kofia ya sufu. Nani anavaa kofia ya sufu Watamu? Tuliitafuta picha hiyo Google kwa kuipakia yenyewe, tukaikuta kwenye kurasa za utalii za nchi za baridi. Fanya hivyo kwa picha yoyote unayotumiwa, haichukui dakika moja.

Sasa pesa. Wanaanza na dipoziti ya nusu, na wanakwambia ukilipa yote leo unapunguziwa. Hiyo ya kwanza inaingia kwenye namba ya simu ya kawaida. Wewe unatuma kwa "kampuni", lakini kabla ya kuweka PIN M-Pesa inakuonyesha jina la mtu binafsi. Ukiuliza, unaambiwa ni mhasibu. Siku mbili tatu baadaye inakuja "ada ya laifu jaketi, inarudishwa mkimaliza". Halafu "bima". Halafu, jioni ya kuamkia safari, "ada ya KWS, tutumieni tuwalipie keshi getini". Hapa ndipo panaponikera zaidi. Mida imo ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu, kwa hiyo ada ipo kweli, lakini KWS, shirika la wanyamapori, haipokei pesa taslimu getini. Malipo yanapitia eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, na unapata risiti yenye jina lako. Mtu anayetaka umtumie yeye akalipe keshi anakula pesa yako tu.

Walitutumia pia cheti. Kina nembo ya taifa na muhuri, kinatisha kidogo. Ukikisoma ni cheti cha usajili wa jina la biashara. Jina la biashara mtu yeyote anaweza kusajili akiwa kitandani na simu yake. Anayeendesha safari za watalii anatakiwa awe na leseni ya Tourism Regulatory Authority, na leseni hiyo iwe ya mwaka huu. Karatasi hizo ni mbili tofauti, na matapeli wanategemea usijue tofauti yake.

Tiketi za treni zilishakatwa na likizo zimeshaombwa, kwa hiyo wenzangu walikuja, nami nikawafuata Mida nishuhudie. Muuzaji alikuwa ametuma pini ya mahali pa kukutania: daraja la mbao linalopita kwenye mikoko, la wanakijiji. Ujanja wenyewe ndio huo. Anakuelekeza mahali pa kweli, panapojulikana, penye watu wema, ili ukifika uone kweli pana mambo ya utalii na uendelee kungoja.

Tulipofika maji yalikuwa yamekwisha kutoka. Mtumbwi mmoja ulikuwa umelala ubavu kwenye tope na kamba yake imelegea, kaa wadogo wenye gando moja kubwa wakipunga kila upande. Chini ya banda alikuwepo mama mmoja na watoto watatu, mdogo ameshavalishwa boya la mkononi lililojazwa upepo, mama ameshika ratiba ileile yetu, ameichapisha kwa rangi. Kijana anayepokea wageni alitutazama kaptula zetu, hata salamu hatujamaliza, akasema, "Nyinyi ni wa kayaki?" Tukasema ndiyo. "Poleni sana. Na mama pale naye ni wa kayaki." Mwenzetu mmoja akamuuliza kama hata hivyo kuna uwezekano wa kuingia. Kijana akaangalia tope, akacheka kidogo. "Saa hii, kaka? Labda muivute."

Alitueleza kwamba watu wamekuwa wakifika na pini ileile, wengine wakiwa wakali, wakiwadai wao pesa. Kuna mzee alitukanwa mbele ya wajukuu zake kwa pesa ambayo hajawahi kuiona. Nataka hili lieleweke: watu wa pale hawahusiki. Wanaishi kwa wageni, na kila tapeli anapotumia jina la kijiji chao ni wao wanaopoteza. Alasiri maji yalipojaa walituzungusha kwa mtumbwi kwenye mikoko, na mama na watoto wake tukawachukua. Bei yao ilikuwa ya kawaida, na ilitajwa kabla hatujapanda.

Simu ya muuzaji ilikuwa imezimwa tangu saa mbili asubuhi. Ukurasa ulipotea siku iliyofuata.

Hela ni hela, lakini ninachokiogopa mimi ni siku ambayo mtu wa namna hii ataamua kukodi kayaki kweli, ili utapeli wake ufanane zaidi na kazi. Mida ina mlango mwembamba wa kutokea baharini. Maji yakianza kupwa, mkondo pale ni mkali, na mgeni asiyejua kupiga kafi atavutwa nje akiwa bado anapiga selfi. Miezi ya kusi upepo nao una nguvu zake. Hawa wamewaandikia wateja kwamba "bahari ni shwari mwaka mzima."

Ndiyo maana kipimo changu kikubwa ni maswali. Mwendeshaji wa kweli atakuuliza mambo mengi kabla hajataja pesa: mnajua kuogelea? Watoto wana umri gani, uzito gani? Kuna mwenye pumu? Mmewahi kukaa kwenye kayaki? Atakwambia uje na viatu vya kufungwa kwa ajili ya tope na maganda ya chaza. Hawa hawakuuliza hata kama kuna mtoto. Waliuliza jambo moja, tena mara nyingi: "Mmeshatuma?"

Kama bado hujatuma, mwombe akupigie simu ya video akiwa ufukweni, na kayaki zionekane. Piga simu kwa hoteli au nyumba wanayosema mtalala, kwa namba uliyoitafuta mwenyewe na si waliyokupa wao. Kwetu sisi, nyumba ilikuwepo na haikuwa na habari yoyote ya wageni kwa majina hayo. Lipa kwa tili au peibili yenye jina la biashara, na jina hilo lifanane na lile la kwenye leseni. Likitofautiana hata kidogo, acha.

Kama umeshatuma, usianze kubishana naye, maana unampa muda wa kutoa pesa. Peleka ujumbe wa M-Pesa kwa 456 hapohapo kuomba pesa irudishwe. Ikiwa bado iko kwenye akaunti yake kuna nafasi. Akishaitoa, njia hiyo imefungwa. Wenzangu walijaribu baada ya siku nyingi na haikusaidia. Namba ya tapeli itume kwa 333. Kisha nenda kituo cha polisi ukaandikishe na upewe namba ya OB (kitabu cha matukio), au piga laini ya bure ya DCI, idara ya upelelezi, 0800 722 203. Piga skrinishoti za mazungumzo yote mapema, kwa sababu hawa hufuta ujumbe upande wao. Mwenzetu aliyekuwa ameweka ratiba na risiti zote kwenye faili moja ndiye aliyesikilizwa haraka kituoni.

Mwisho, wiki hii nimetumiwa tangazo jipya. Jina jingine, namba nyingine, ila maneno ni yaleyale na ile kofia ya sufu bado ipo. Sasa wanauza "kayaki usiku Kilifi, maji yanayong'aa", na tarehe waliyoweka ni ya mwezi mpevu. Maji ya Kilifi hung'aa kweli ukiyachota kwa kafi gizani, lakini mwanga wa mwezi huyafifisha, na wanaojua huwapeleka wageni usiku wa giza totoro. Wanadai dipoziti ya shilingi 3,000 kwa kichwa. Mwenye rafiki anayepanga kwenda, amwonyeshe hii kabla hajatuma.