Chombo cha kupandia mboga nyumbani: kipi ununue kwanza, kipi ukiache

Mche wa nyanya unaozaa, ukipigwa na jua la Dar es Salaam au Mombasa kutwa nzima, unaweza kunywa lita 2 hadi 3 za maji kwa siku. Udongo mzuri uliomo chomboni hushika maji ambayo mizizi inaweza kuyafyonza kiasi cha robo ya ujazo wake. Chungu cha lita 5, hata kikiwa na nakshi za kupendeza vipi, kina lita moja na kidogo ya kuupa mche huo. Saa saba mchana umeshanyauka. Jioni unaumwagilia, unainuka, kesho yake yale yale, na nyanya zitakazoiva zitakuwa na doa jeusi lililobonyea kitakoni. Wengi hudhani ni ugonjwa na kukimbilia dukani kununua dawa. Dawa haisaidii kitu hapo, kwa sababu mche unaopata maji na kuyakosa haufikishi kalisi (kalsiamu) kwenye tunda, hata kama kalisi imejaa udongoni.

Kwa hiyo unaponunua chombo, nunua lita. Urembo baadaye.

Kwa mche mmoja ulio peke yake chomboni, usishuke chini ya hapa: nyanya fupi kama Cal J au Rio Grande, lita 15, nyanya ndefu za kufungiwa kamba kama Money Maker au Anna F1, lita 20 au zaidi, bilinganya 15, hoho na bamia 10 hadi 12, pilipili kali na sukuma wiki 8, spinachi 5. Mchicha, dania na majani ya kitunguu hazidai lita nyingi ila zinataka kina cha sentimita 15 na nafasi ya kutandaa. Karoti inataka kina cha sentimita 25 hadi 30, na udongo usio na kokoto hata moja, la sivyo itatoka na miguu miwili.

Bei nayo ipime kwa lita. Tuseme chungu cha plastiki cha lita 8 kinauzwa shilingi 8,000, na ndoo iliyotumika ya lita 20 ni 4,000. Cha kwanza kinakula shilingi 1,000 kwa lita, cha pili 200. Kisha gawanya tena kwa idadi ya misimu utakayokitumia, ndipo utaona kwa nini orodha yetu imepangwa hivi ilivyopangwa.

1. Ndoo ya lita 20

Hii ndiyo ya kuanza nayo. Inatosha karibu kila mboga inayozaa, ina mpini, na ikijaa udongo uliolowa ina uzito wa kilo 25 hivi, mtu mzima anaihamisha mvua inapozidi. Iliyokuwa na mafuta ya kupikia ndiyo bora kuliko zote, na mama lishe, mikahawa na wauza chipsi huwa nazo nyingi. Igeuze utazame pembetatu iliyochapwa kitakoni: namba 2 au 5 ni plastiki nzuri kwa kazi hii. Ndoo iliyobeba rangi ya maji ya kupaka ukuta inafaa ikisuguliwa mpaka utando wote utoke. Ya rangi ya mafuta, ya gundi, na chombo chochote kilichobeba dawa za kilimo, usikiguse hata ukipewa bure.

Kabla ya kulipa, bonyeza ubavu wa ndoo kwa dole gumba. Ikirudi bila alama, ni nzima. Ikiacha mstari mweupe au ikilia kama kipande cha biskuti, jua limeshaila na haitamaliza msimu. Itazame pia ukiielekeza kwenye mwanga: kama unaona kivuli cha vidole vyako kwa upande wa pili, mwanga utapita, ukungu wa kijani utaota ndani na mizizi ya pembeni itateseka. Ndoo ya namna hiyo ivalishe kipande cha gunia au ipake rangi. Nyeusi nayo ina balaa lake pwani, kwani ubavu unaotazama jua la alasiri huweza kupandisha joto la udongo hadi kuunguza mizizi ya upande huo. Ipake chokaa kwa nje, au panga ndoo zigusane ili zifunikane.

Matundu ndipo watu wanapoharibu. Pasha msumari wa inchi nne kwenye mkaa, toboa matundu sita hadi manane yenye upana wa kama milimita 10, na hakikisha nusu yake yako ubavuni, sentimita 2 kutoka chini. Tundu la kitakoni peke yake huzibwa na sakafu. Fanyia nje, moshi wa plastiki si wa kuvuta. Weka kipande cha chandarua kikuukuu juu ya matundu ili udongo usitoroke, kisha ndoo ikalie vipande vitatu vya tofali.

Na ile desturi ya kumwaga kokoto chini "ili maji yapite"? Iache. Maji hayaingii kirahisi kutoka udongo mwembamba kwenda kwenye kokoto zenye mianya mikubwa. Husimama juu yake mpaka udongo ulowe chepe. Unachofanya ni kuipandisha tope karibu na mizizi na kupoteza lita 3 za udongo ulizolipia.

Kwa mtu anayeshinda kazini, ndoo mbili zilizopachikana hushinda kila kitu. Ya ndani toboa kitako: tundu moja pana la kuingiza kikombe cha plastiki kilichotobolewatobolewa na kujazwa udongo, na matundu madogo kukizunguka. Kikombe kinaning'inia kwenye maji yaliyo katika ndoo ya nje na kuyavuta kwenda juu kama utambi wa taa. Bomba la inchi moja linashuka pembeni kwa kujazia maji. Ndoo ya nje itoboe tundu moja la kufurikia, chini kidogo ya kitako cha ile ya ndani. Bila tundu hilo mvua kubwa moja inazamisha mche. Akiba hiyo ni lita 3 au 4, yaani siku nzima ya nyanya na siku mbili au tatu za pilipili. Kama ndoo zako zinazama mno moja ndani ya nyingine, ziachanishe kwa vipande vya tofali. Mdomo wa bomba ufunge kwa chandarua, mbu wasipate nyumba.

2. Gunia, kwa majani tu

Kwa sukuma wiki, spinachi na mnavu, hakuna chombo kinachotoa chakula kingi kwa nafasi ndogo hivi. Kibera inalijua hilo tangu 2008, pale shirika la Solidarités lilipoeneza bustani za magunia baada ya ghasia za uchaguzi. Gunia la kilo 90 humeza udongo wa ndoo sita au saba na likilowa linapita kilo 150, hivyo lijaze pale pale litakapokaa. Kwenye roshani ya ghorofa usiliweke bila kumuuliza mwenye nyumba sakafu inabeba nini.

Chukua kopo la rangi la lita 4, likate pande zote mbili. Lisimamishe katikati ya gunia, lijaze vipande vya tofali vya ukubwa wa limau, zungushia udongo mpaka ulingane nalo, kisha livute juu na kurudia mpaka ufike mdomoni. Unabaki na mhimili wa mawe unaoshusha maji hadi chini. Mwagilia, liache siku tatu litulie, ndipo utoboe pembeni kwa mpangilio wa zigzaga, sentimita 20 kati ya tundu na tundu, ukianzia sentimita 20 kutoka ardhini. Gunia moja huchukua miche thelathini hivi ubavuni na mitano juu. Nusu ndoo ya maji asubuhi, nusu nyingine jioni wakati wa kiangazi, na kila mara sehemu moja iende kwenye mawe, nyingine juu ya udongo.

Kinachoshindikana hapa ni vitu viwili. Mawe yakiwa madogo, udongo unaingia katikati yake, mhimili unaziba, na miche ya chini inakauka huku ya juu ikiogelea. Cha pili ni gunia lenyewe. Salfeti ya kawaida, yaani gunia la nyuzi za plastiki, haikutengenezwa kukaa juani. Huanza kuchanika kama karatasi baada ya msimu mmoja au miwili, kwanza pale majani yasipoifunika. La katani au juti linavumilia jua lakini huoza kitako. Ukikuta salfeti nzito, yenye nyuzi zilizosukwa kwa karibu, ongeza pesa kidogo uichukue. Na usipande nyanya ubavuni mwa gunia: shina litakatika kwa uzito wa matunda.

3. Pipa la plastiki lililopasuliwa

Pipa la bluu la lita 200 likipasuliwa kwa urefu linatoa mabirika mawili ya lita 100, yenye kina cha karibu sentimita 28. Kila moja linatosha sukuma nane, au nyanya fupi tatu, au mchicha wa kuvuna kila wiki. Hudumu miaka. Linachukua nafasi ya tatu kwa sababu moja tu: mapipa haya mengi yaliingia nchini na kemikali ndani. Muulize muuzaji lilibeba nini, na usome lebo mwenyewe kabla hajaibandua. Lililobeba sharubati, siki au mafuta ya kula, chukua. Lenye alama ya hatari, au lililofutwa jina kwa msasa, mwachie. Kumbuka pia kulitengenezea kitanda cha mbao au matofali, maana birika la duara lililojaa udongo huviringika.

4. Dumu lililolazwa

Dumu la lita 20 ukililaza na kukata ubavu wa juu unapata kisanduku cha kina kifupi kinachofaa dania, mchicha na majani ya kitunguu. Hupatikana kila mtaa na halina mshindani kwa bei. Usilidai zaidi ya hapo.

5. Mfuko wa kitambaa

Unauzwa na maduka ya pembejeo mijini, na ni mzuri kweli: mizizi ikifika ukutani hukutana na hewa, ncha hukauka, inatoa matawi mapya badala ya kuzunguka chombo kama kamba. Nairobi, Arusha au Kigali ununue bila wasiwasi. Pwani, hewa ile ile inayonufaisha mizizi inakausha udongo, na utamwagilia mara mbili kwa siku. Kama maji yako ni ya kisima chenye chumvi, kitambaa kitavaa ukoko mweupe ndani ya wiki chache. Chumvi hiyo ioshe kila mwezi kwa maji matamu, mara mbili ya ujazo wa chombo, taratibu mpaka yatoke chini. Ndoo nazo zinahitaji kuoshwa hivyo hivyo, hasa zile mbili zilizopachikana.

6. Chungu cha udongo

Kinapoza mizizi kwa njia ile ile mtungi unavyopoza maji ya kunywa, yaani kwa kuvujisha unyevu na kuukausha nje. Maji hayo ni ya mche wako. Kipe mimea inayopenda kukauka kidogo kama rosemari na mshubiri, uipe baraza sura.

7. Kiriba cheusi

Kifuko hiki cha plastiki ni cha kitalu. Mche ukifikisha majani manne hadi sita, uhame.

Udongo wa kujazia vyote hivi ni mmoja: ndoo mbili za udongo wa juu, moja ya mboji au samadi iliyooza, moja ya maganda ya mpunga au, pwani, makumbi ya nazi yaliyosagwa na kuoshwa chumvi. Samadi inayonuka amonia bado, itaunguza miche. Udongo ambamo nyanya zilikufa kwa mnyauko wa ghafla, ule wa mche kulala ukiwa bado kijani, usiupandie tena nyanya, hoho, bilinganya wala viazi mviringo. Chombo chake kisugue, kiloweke dakika 30 kwenye Jik sehemu moja na maji sehemu tisa, suuza, anika.

Tairi kuukuu tumeliweka la mwisho, nje ya namba. Hutoa zinki na mabaki ya mafuta udongoni, joto lake juani ni la kukaangia, na mkunjo wake wa ndani hushika maji ambayo huyaoni. Mbu anayeeneza dengi, ugonjwa ulioisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, hutaga hasa kwenye maji kama hayo, na kiluwiluwi huweza kuwa mbu ndani ya wiki moja au mbili. Kama tayari unalo uani, toboa mkunjo wa chini matundu manane ya kupenyeza kidole, lijaze udongo mpaka ndani ya mkunjo, panda maua. Visahani vilivyo chini ya vyungu navyo vimwage kila baada ya siku tatu.