Flashi, hadi diski (hard disk) au DVD: ununue ipi ya kuwapelekea ndugu filamu zako unazozipenda siku zote?

Desemba moja nilipanda basi la Lushoto nikiwa na flashi mpya mfukoni, imeandikwa GB 512. Humo nilikuwa nimepanga filamu ninazozipenda kuliko zote, zile nilizozirudia mpaka maneno nimeyashika, nikawatazamishe baba mdogo na watoto wake. Usiku wa kwanza tatu za mwanzo zilifunguka vizuri. Ya nne jina lilionekana, nikabonyeza, kioo kikabaki cheusi. Ya tano hivyohivyo. Ya kumi na moja ilikuwa Sholay, ya Kihindi ya mwaka 1975, ambayo baba mdogo anaisimulia tangu nikiwa mtoto. Yeye ni mtu wa sinema toka enzi za Drive-In ya Dar es Salaam, sinema ya kutazamia ukiwa ndani ya gari, ile iliyofunguliwa 1966, ambayo kiwanja chake leo kina Ubalozi wa Marekani. Alikuwa ameshavuta kiti mbele ya runinga. Nilimwona anakirudisha ukutani taratibu, hakusema neno.

Flashi ilikuwa feki. Ndani mna chipu ndogo, labda ya GB 8 au 16, iliyochezewa ijitangaze kuwa kubwa. Kompyuta inaiamini na inakubali kunakili kila kitu, ila kinachozidi kinapotea au kinaandikwa juu ya kingine. Majina yanabaki, filamu hazipo. Tangu siku ile nanunua kwa kipimo kimoja: je, itafunguka kwenye runinga ya mtu mwingine, kwake, bila bando na bila mimi kuwepo?

Kwa kipimo hicho, ya kwanza kwangu ni flashi orijino ya GB 32, tena ununue mbili. Najua dukani watakusukumia ya GB 128 kwa kuwa tofauti ya bei si kubwa. Lakini za GB 32 kwa kawaida huja zikiwa kwenye mfumo wa kupanga mafaili uitwao FAT32, unaosomwa na karibu kila kitu chenye tundu la USB: runinga za zamani, deki, redio za sabufa, hata ving'amuzi vingi. Kuanzia GB 64 huja na mfumo mwingine, exFAT, na runinga nyingi za miaka ya nyuma haziuelewi. Unachomeka, inakuandikia kwamba hakuna kifaa.

Na GB 32 zinatosha. Ukiichomeka utaona kama GB 29 na ushee, ndivyo kompyuta inavyohesabu, hujaibiwa. Filamu yenye picha nzuri ya kutazamia sebuleni inachukua GB 1 na nusu hivi, kwa hiyo zinaingia kama kumi na tisa. Filamu anazozipenda mtu mmoja siku zote, zile za kweli, ni ngapi? Mimi nilipokaa nikahesabu kwa uaminifu nilifika kumi na nne.

FAT32 ina sharti lake: faili moja lisizidi GB 4. Ndipo Sholay inapokusumbua, maana inapita saa tatu, na nakala yenye picha kali inavuka kiwango hicho kirahisi. Kompyuta inagoma na kusema faili ni kubwa mno wakati flashi ni tupu. Tafuta nakala nyepesi kidogo, usibadilishe flashi. Iwe faili la MP4 lililobanwa kwa H.264, njia ya zamani ya kubana video. Hizi mpya za H.265 ni ndogo kwa ukubwa, lakini runinga isiyoijua itakupa sauti bila picha. Kinyume chake, picha bila sauti, mara nyingi ni sauti ya aina ya DTS. Maandishi ya chini nayo yawe faili la SRT lenye jina lilelile la filamu, herufi kwa herufi, la sivyo runinga hailioni.

Dukani, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi, usilipe kabla hujajaribu. Nenda na laptopu. Nakili mafaili makubwa mpaka flashi ijae kabisa, ichomoe, ichomeke upya, kisha ufungue faili la mwisho kuingia na ulisogeze mpaka dakika zake za mwisho. Faili la kwanza litafunguka hata kwenye feki, kwa hiyo halikuambii kitu. Kwa mwenye Windows kuna programu ya bure iitwayo H2testw inayofanya kazi hiyohiyo, inajaza flashi yote halafu inasoma ilichoandika. Inachukua muda. Muuzaji akinuna, mwachie flashi yake. Na ukiona flashi ya TB 1 inauzwa kwa bei ya GB 32, hata usipoteze muda wa kuijaribu.

Ya pili ni hadi diski ya nje ya TB 1. Hii ni ghala la nyumbani, haifai kutembezwa. Ndani kuna sahani inayozunguka, na ikianguka wakati inafanya kazi unaweza kupoteza vyote kwa sekunde moja. Basi la milimani na hadi diski havipatani. Tena runinga nyingi zina tundu la USB lisilotoa umeme wa kuitosha: utasikia tik, tik, tik, kisha kimya. Ukisikia hivyo ichomoe upesi. Kama mfuko unaruhusu, chukua SSD ya nje, haina kinachozunguka na inavumilia safari zaidi, ila bei yake iko juu.

DVD naiweka ya tatu, na naiweka kwa heshima. Baba mdogo ana deki inayofanya kazi mpaka leo, na watu wazima wengi wanapenda kitu cha kushika, chenye kasha na picha ya mbele. Kwa filamu za Bongo nunua nakala halali, mwenye kazi yake apate chake. Kwa zinazotoka nje angalia nyuma ya kasha namba ya kanda, yaani eneo la dunia ambalo DVD imetengenezewa: Tanzania na Kenya tuko kanda ya 5, na ya Marekani ni 1, deki iliyofungwa kwa kanda moja itaikataa. Ishike pembeni tu, mikwaruzo ndiyo kifo chake.

Memori kadi, hapana. Inapotea, na runinga nyingi hazina tundu lake. Filamu ulizopakua kwenye programu za kulipia kwa mwezi nazo huwezi kuzihamishia kwenye flashi. Zimefungwa humo humo kwenye simu na zina tarehe ya kuisha. Kwako mjini zinafaa sana, ila Lushoto hazikusaidii.

Mwaka uliofuata nilikwenda na flashi mbili za GB 32 zenye vitu vilevile, moja mfukoni, moja kwenye begi. Ya begini niliiacha kwa baba mdogo, nimeifunga uzi mwekundu aitambue. Aliitazama Sholay yote mpaka saa sita usiku, na nyimbo akaziimba kabla waimbaji hawajaanza.